Nywele Zetu za Asili: Uzuri Usiohitaji Maumivu

Wahenga walisema, "Ukitaka uzuri sharti udhurike." Methali hii imezoeleka sana vibarazani kwa wasusi. Binti akilia anaposukwa huambiwa avumilie, maana atapendeza. Mama akirudi kutoka saluni Jumamosi jioni, paji la uso limevutwa hata nyusi zimepanda, humeza vidonge viwili vya kutuliza maumivu na kulala kwa taabu. Jumapili asubuhi hutoka akiwa amependeza kweli, na wenzake humsifu. Hakuna anayemwuliza kama alipata usingizi.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi, na ambao wiki hadi wiki tunakutana na akina mama kliniki na katika mikutano yao, tunaiheshimu hekima ya wahenga. Lakini kwa habari ya nywele tunaomba kutofautiana nao. Maumivu ya kichwa kilichosukwa ni taarifa, kama vile maumivu ya jino yalivyo taarifa. Anayeinyamazisha taarifa hiyo mwaka hadi mwaka hulipa baadaye, na malipo yenyewe huonekana mbele ya kichwa, mahali ambapo hapafichiki ila kwa kilemba.

Katika makala hii tutaeleza nywele zetu zilivyo, mambo yanayoziharibu, na namna ya kuzitunza kwa vitu ambavyo vingi vyake tunavyo nyumbani.

NYWELE ZA KIPILIPILI ZIKOJE?

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba nywele zetu ni ngumu. "Nywele zako kama waya," msusi husema huku akikaza mkono. Neno hilo ndilo mwanzo wa matatizo mengi, kwa sababu kitu kigumu hutumiwa nguvu. Ukweli ni kinyume chake. Kati ya aina zote za nywele za binadamu, hizi zinazojikunja sana ndizo zinazokatika kwa urahisi zaidi.

Unywele wa singa ukikatwa na kutazamwa kwa darubini huonekana wa mviringo kama uzi. Wa kipilipili ni bapa kidogo, mfano wa utepe, nao hutoka kwenye shina ambalo limepinda ndani ya ngozi. Ndiyo sababu unapokua hujizungusha kama springi. Kila mahali unapojipinda ni mahali dhaifu, na ukivutwa kwa nguvu hapo ndipo unapokatikia.

Tena ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake ya asili. Kwenye nywele za singa mafuta hayo huteremka bila kizuizi hadi kwenye ncha. Kwenye nywele zetu hukwama kwenye kona za mwanzo, na ncha hubaki kavu. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na ngozi ya kichwa yenye mafuta, na wakati huohuo ncha za nywele zake zikawa kama nyasi za kiangazi.

Wako wanaosema, "Nywele zangu hazikui." Zinakua, mama. Nywele za kichwa hukua kwa wastani wa sentimeta 1 kwa mwezi, na zetu pungufu kidogo ya hapo. Lakini zikikauka hujikunja zikarudi nyuma, hata urefu unaoonekana ukawa chini ya nusu ya urefu wenyewe. Na kama ncha zinakatika kwa kasi ileile ambayo mizizi inakua, utaziona zimesimama palepale miaka mitatu. Dawa ya tatizo hilo ni kuzuia kukatika. Hakuna mafuta ya kukuzia yanayoweza kushindana na kitana kinachokata nywele kila asubuhi.

Nywele hizi zina kazi yake pia. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani na Uingereza, akiwamo Tina Lasisi, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa sanamu ya mtu yenye vipimo vya joto. Waliivisha wigi za nywele zilizonyooka, zilizopinda kiasi na zilizojikunja sana, kisha wakaimulikia taa kali mfano wa jua. Nywele zote zilipunguza joto lililofika kichwani, lakini zilizojikunja sana zilikinga kuliko nyingine zote, na zilipunguza zaidi jasho ambalo mwili ungehitaji kutoa ili upoe. Basi tulio karibu na Ikweta tumezaliwa na mwavuli wetu kichwani.

PANJA ZINAPOTOWEKA

Mama mmoja wa watoto watatu alifika kliniki kupima uzito wa mtoto wake mdogo. Alipoinama, kitambaa chake cha kichwa kikateleza, naye akakirudisha upesi. Tulikwisha kuona. Panja zote mbili zilikuwa wazi, ngozi inang'aa, na nywele zilianzia karibu na katikati ya kichwa. Tulimwuliza kwa sauti ya chini kama panamwuma.

"Hapaumi tena, sista," akajibu. "Zamani ndipo palikuwa panauma. Sasa hapaumi, ila hapaoti kitu."

Kando yake alisimama binti yake wa miaka sita, amesukwa rasta ndefu zilizofungwa juu kwa pamoja. Pembeni mwa paji lake la uso vilikuwa vimetoka vijipele vidogo vyenye vichwa vyeupe, vimejipanga kwenye mstari wa nywele. Tulimwonyesha mama vijipele vile, tukamwambia kwamba hivi ndivyo hali yake ilivyoanza. Alivitazama kwa muda mrefu. Mwezi uliofuata alitueleza kwamba usiku uleule alikaa na koroboi akazifumua zote, mtoto akiwa amelala mapajani.

Upotevu huu wa nywele hutokana na kuvutwa. Nywele ikivutwa kila siku, shina lake huchoka na kuvimba. Mwanzoni nywele hung'oka lakini shina bado li hai, na ukiacha kuvuta zitaota tena baada ya miezi kadhaa. Uvutaji ukiendelea kwa miaka, shina hufa na mahali pake hukaa kovu. Kovu haliotesi nywele, hata ukilipaka kila kitu kinachouzwa sokoni. Ndiyo maana maneno ya mama yule, "hapaumi tena", hayakuwa habari njema.

Tusidhani kwamba ni laana ya mwanamke mweusi peke yake. Mwaka 1907 hali hiyohiyo iliandikwa na madaktari kuhusu wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliokuwa wakifunga nywele zao za singa kwa kukaza sana juu ya kichwa. Nywele yoyote ikivutwa mno itaondoka.

Hata hivyo kwetu Afrika ni tatizo kubwa. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichunguza vichwa vya watu huko Cape Town, Afrika Kusini, na mwaka 2007 wakachapisha walichokiona. Kati ya wanawake wazima, karibu 1 katika kila 3 alikuwa amepoteza nywele kwa kuvutwa. Kati ya wasichana wa shule walikuwa asilimia 17, yaani karibu 1 katika kila 6. Tena waliona kwamba hatari huwa kubwa zaidi pale nywele zilizowekwa dawa zinaposukwa rasta au kuunganishwa, kwa sababu nywele iliyodhoofishwa hubebeshwa mzigo.

Dalili za hatari ni hizi: maumivu yanayokuzuia kulala, vijipele kwenye mstari wa nywele, ngozi iliyovutwa hadi macho yanakaza, na vifuko vidogo vyeupe vinavyozunguka nywele karibu na ngozi. Ukiona hata moja, fumua siku hiyohiyo. Usihesabu fedha uliyomlipa msusi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hakuna fundi wa kuujenga.

KUHUSU DAWA ZA KULAINISHA

Kuanzia enzi za kitana cha moto, tukaja kalikiti, kisha dawa za kulainisha za kopo, tumejaribu njia nyingi za kunyoosha nywele. Hatumhukumu dada anayeweka dawa. Lakini ni haki yake kujua kilichomo ndani ya kopo.

Ndani ya unywele kuna viungo vinavyoushikilia ujikunje. Dawa ya kulainisha huvivunja viungo hivyo, na vikivunjika havirudi. Dawa nyingi hutumia kostiki soda, ileile ambayo mafundi wa sabuni huitumia. Ukali wa vitu vya namna hii hupimwa kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 14, ambapo maji safi yako kwenye 7. Dawa za kulainisha huwa juu ya 12. Hata zile zinazoandikwa kwamba hazina kostiki nazo ni kali, kwa kuwa hutumia kemikali nyingine yenye nguvu inayokaribiana na hiyo. Kule kuwashwa na kuungua tunakoambiwa kwamba "ndiyo inashika" ni ngozi inayoungua.

Zipo pia habari ambazo zilikuwa hazijulikani mama zetu walipoanza kuzitumia. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, ilikadiriwa kwamba wanawake 16 katika 1,000 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia mara nyingi, yaani zaidi ya mara 4 kwa mwaka, walikuwa 40 katika 1,000. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, waliowafuatilia wanawake weusi 44,798, waliona ongezeko la saratani hiyohiyo kwa wanawake waliokoma hedhi ambao walikuwa wametumia dawa hizo kwa wingi au kwa miaka mingi.

Tuseme wazi ili tusitie watu hofu: wanawake wengi wanaoweka dawa hawatapata saratani hiyo, na utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Lakini unatosha kumfanya mtu mwenye busara apunguze. Na kwa mtoto mdogo hatuoni sababu yoyote ya kumpaka.

Kwa atakayeendelea, twaomba ayashike haya. Usikune kichwa wala kusuka siku chache kabla ya kuweka dawa. Usiweke kwenye ngozi yenye kidonda au mikwaruzo. Weka kwenye nywele zilizoota tu, si kurudia zile za zamani. Ikianza kuunguza, osha mara moja kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali. Na kopo lisikae mahali mtoto anapofika. Mtoto akilamba au kumeza dawa hiyo, usimtapishe, maana itaunguza koo mara ya pili. Mkimbize hospitali pamoja na kopo lenyewe.

MKASI WA SHULE NA BINTI ZETU

Liko jambo ambalo wazazi wengi hatulifikirii. Katika shule nyingi za kwetu binti hutakiwa kukata nywele ziwe fupi tangu darasa la kwanza. Zipo sababu za usafi na za usawa, nasi hatuna ugomvi nazo hapa. Lakini tazama matokeo yake. Binti humaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18, hajawahi kuishi na nywele zake hata mwaka mmoja. Hajui kuziosha, hajui kuzichana, na hajui zikiwa ndefu zikoje. Zikianza kuota baada ya mtihani zinampa taabu, na mtu wa kwanza anayemsaidia ni muuza dawa ya kulainisha.

Kwa hiyo kazi ya kumfundisha ni yetu nyumbani. Wakati wa likizo ndefu, hata nywele zikiwa na sentimeta 2 tu, mwonyeshe namna ya kuziosha na kuzipaka mafuta. Akiona wewe mwenyewe unazishika zako bila kuzitukana, naye atajifunza. Tuache yale maneno ya "linywele lako baya" tunayomtupia mtoto tukiwa na kitana mkononi. Mtoto huyashika kuliko tunavyodhani.

UTUNZAJI WA KILA WIKI

Utaratibu ufuatao hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji subira na saa moja au mbili za mwisho wa juma.

1. Paka mafuta kabla ya kuosha. Chukua mafuta ya nazi, yakiwemo yale ya kupika nyumbani kama wafanyavyo akina mama wa pwani, pakaa kwenye nywele, kisha acha nusu saa au usiku kucha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na wataalamu wa India ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini walikuwa wamekwisha kuona.

2. Osha kila baada ya siku 7 hadi 14. Tumia shampuu laini, na uisugue kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Sabuni ya kufulia iachie nguo. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wanaweza kuweka akiba ya maji ya mvua kwa suuza ya mwisho.

3. Chana zikiwa mbichi na zina utelezi. Baada ya shampuu, paka kondishona kwa wingi. Zigawe nywele mafungu manne au sita, kisha chana fungu moja moja kwa vidole, halafu kwa chanuo la meno mapana. Anzia kwenye ncha, panda polepole kuelekea kwenye mizizi. Kuchana nywele kavu za kipilipili kuanzia utosini ndiko kunakojaza kitana nywele zilizokatika.

4. Zipe maji, kisha ufungie maji hayo. Mafuta peke yake hayaondoi ukavu. Kinachozilainisha nywele ni maji, na kazi ya mafuta ni kuyazuia yasitoke upesi. Kwa hiyo zikiwa bado na unyevu, pakaa mafuta ya nazi au ya mnyonyo kidogo, ukianza na ncha. Katikati ya wiki, changanya kijiko kimoja cha chai cha gliserini katika kikombe cha maji, nyunyiza kidogo, kisha pakaa mafuta. Usirundike mafuta mazito ya mgando kwenye ngozi ya kichwa. Hushika vumbi, na mwenye mba huzidi kuwashwa.

5. Zifunge wakati wa kulala. Kanga na mito ya pamba hunyonya mafuta na kukwaruza nywele usiku mzima. Kipande cha satini au hariri kinatosha, hata kikiwa kimekatwa kwenye gauni la zamani. Kisikazwe mbele.

6. Punguza moto. Draya na vyuma vya kunyooshea huondoa maji ndani ya unywele. Ukitaka zinyooke bila moto, zisuke kwa uzi zikiwa na unyevu, zikauke, kisha fumua. Zitakuwa zimerefuka na bado ni zako.

Na yai? Wengi hutuuliza kuhusu kupaka yai na parachichi. Parachichi halina ubaya, ila ni kazi kuliosha. Yai tungeshauri liliwe. Protini, madini ya chuma na mboga za majani huifikia nywele vizuri zaidi kupitia tumboni.

MITINDO ISIYOUMIZA

Wako wanaoogopa kwamba kukaa na nywele za asili ni kukosa mitindo. Sivyo. Mabutu yanampendeza mtoto na hata mama. Misokoto miwili miwili hukaa wiki moja hadi mbili, na ikifumuliwa hutoa mawimbi mazuri. Ipo twende kilioni, ambayo jina lake lenyewe latuambia kwamba husukwa upesi mtu anapopata msiba, na ikisukwa kwa mkono mwepesi ni mapumziko mazuri kwa nywele. Uzi nao haujapitwa na wakati. Na siku ambayo huna nafasi, chana, paka mafuta, funga kilemba cha kitenge, uende kazini.

Anayependa rasta anaweza kusuka, lakini kwa masharti. Achague mafungu makubwa kidogo na nywele za kuunga zisizo nzito. Vinywele laini vya mbele viachwe nje, visikamatwe. Asizifunge zote juu kwa pamoja wiki ya kwanza. Zisizidi wiki 6 hadi 8 kichwani, na baada ya kufumua apumzike wiki mbili au zaidi kabla ya kusuka tena. Abadilishe pia mahali pa kugawa nywele, ili upande uleule usibebe mzigo daima. Mwenye kuvaa wigi aivue usiku, na asiigundishe kwenye mstari wa mbele kila siku.

Siku ya kufumua utaona nywele nyingi zimetoka, na wengine hupiga kelele. Tulia kwanza uhesabu. Ni kawaida mtu kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ukikaa na rasta siku 30, zile zilizong'oka zimebaki humo zikisubiri, nazo ni kati ya 1,500 na 3,000. Cha kutazama ni kama nywele zilizotoka zina kichwa cheupe upande mmoja. Hizo zimemaliza muda wake. Vipande vifupi visivyo na kichwa ndivyo vinavyoonyesha kukatika.

Kwa dada zetu wasusi tuna neno moja. Mteja asiyelia hurudi, naye huja na binti zake. Kusuka kwa kulegeza ni ufundi, na kichwa kinachobaki na nywele ndiyo kazi yako ya miaka ishirini ijayo.

KWA ANAYETAKA KUACHA DAWA

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kukata zote zilizowekwa dawa na kuanza na fupi. Ya pili ni kuacha kuweka dawa, kuziachia za asili zikue chini, na kupunguza ncha kidogo kila mwezi au miezi miwili. Njia hii huchukua mwaka au zaidi, na inataka uangalifu, kwa sababu pale nywele mpya inapokutana na ya zamani ndipo inapokatikia. Katika muda huo misokoto na twende kilioni nyepesi husaidia sana. Miezi ya kati ndiyo migumu, wakati mizizi ni ya kipilipili na ncha zimelala. Jipe moyo. Kilemba kipo.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Si kila nywele inayotoka ni kosa la msusi. Mama aliyejifungua huweza kuona nywele zinatoka kwa wingi kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne. Ni mabadiliko ya mwili baada ya ujauzito, na kwa wengi hurudi kabla ya mtoto kutimiza mwaka. Homa kali nayo, au upasuaji, huweza kuleta hali hiyo baada ya miezi miwili au mitatu. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo pia hutoa nywele, kwa hiyo mtu anayechoka sana na nywele zinapungua kichwa kizima apimwe damu.

Mtoto mwenye mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika huenda ana mapunye. Ni ugonjwa wa fangasi, huambukiza kwa vitana, kofia na mashine za kunyolea. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi, kwa sababu fangasi wamo ndani ya unywele. Mara nyingi mtoto hupewa vidonge vya griseofulvin kwa wiki 6 hadi 8 kwa maelekezo ya mganga, na watoto wenzake wa nyumba hiyo wachunguzwe. Kila mtu awe na kitana chake.

Na ukiona upara unaanzia utosini na kupanuka, hasa kama panawasha au panaunguza, usingoje. Uko ugonjwa unaoacha makovu kuanzia hapo, na huwapata zaidi wanawake weusi. Ukianza matibabu mapema, waweza kuziokoa zilizobaki. Anza na hospitali iliyo karibu, uombe kuonana na mtaalamu wa ngozi. Kwa walio kaskazini mwa Tanzania, kipo kituo cha mafunzo na matibabu ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, ambacho kimewafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika.

TUANZE JUMAMOSI HII

Hatusemi kila mwanamke afuge nywele za asili. Mwenye kupenda fupi akate, mwenye kupenda kusuka asuke, na mwenye wigi avae. Tunachosema ni kwamba mtindo wowote unaouma usikubaliwe, na kwa mtoto usikubaliwe mara mbili, maana yeye hana sauti kwenye kiti cha msusi.

Kwa hiyo Jumamosi hii utakapokaa, au utakapompeleka binti yako, sema mapema kabla mkono haujakaza: "Dada, naomba hapo mbele ulegeze." Akisema hazitadumu, mwambie si neno, utarudi mapema. Mtindo wa wiki mbili waweza kusukwa tena. Panja zikishakufa hazina msusi.